Makanisa ya vijijini ya Uingereza na mawe yake ya Zama za Kati: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudi kila ninapowatembeza ndugu na wageni wanaozungumza Kiswahili katika makanisa ya kale ya vijijini. Nimeyapanga kuanzia yale ya mwanzo hadi yale ya wadadisi. Pale jibu lilipokwisha kutolewa, nimekuelekeza huko badala ya kulirudia.

## Mambo ya mwanzo

Tukisema "kanisa la Zama za Kati", tunamaanisha la miaka gani?

Ni kanisa lililojengwa, lote au sehemu yake, kati ya karne ya 7 na miaka ya 1530, Mfalme Henry VIII alipoachana na Papa na ujenzi wa makanisa ukakaribia kukoma. Maneno ya kushika hapo ni "sehemu yake". Kanisa la kijijini lililojengwa mara moja likaachwa hivyo ni nadra sana. Mara nyingi ukuta mmoja ni wa karne ya 11, dirisha lililotobolewa ndani yake ni la karne ya 14, na mnara uliongezwa karne ya 15. Anayeuliza "kanisa hili ni la mwaka gani?" atajibiwa vizuri zaidi akionyesha kidole na kuuliza "na hapa je?"

Nitajuaje sehemu ipi ni ya zamani kuliko nyingine?

Anza na matao na madirisha. Mwaka 1817 msanifu majengo Thomas Rickman aliyagawa majengo haya katika mitindo, na majina aliyoyatoa yanatumika hadi leo.

Kabla ya mwaka 1066, Wanormani kutoka Ufaransa walipoivamia Uingereza, kuna kazi ya Wasaksoni, wenyeji wa wakati huo: madirisha madogo, kuta ndefu nyembamba, na kwenye pembe mawe yaliyopangwa moja limesimama, moja limelala. Mnara wa Earls Barton, Northamptonshire, wa mwishoni mwa karne ya 10, ndio mfano ninaoupenda kuliko yote. Umepambwa kwa vipande virefu vya mawe vinavyopanda ukutani kama fito za nyumba ya mbao. Baada ya 1066 wakaja Wanormani na matao ya duara, nguzo nene na nakshi ya zigizaga kuzunguka milango. Iffley, Oxfordshire, ina nakshi hiyo kwa wingi hadi jicho linachoka.

Kuelekea mwaka 1200 tao likachongoka. Madirisha ya mtindo wa Awali wa Kiingereza ni membamba na marefu, yamesimama mawili au matatu pamoja. Kuanzia kama 1250 mtindo wa Mapambo ulileta madirisha mapana yenye mawe yaliyopinda juu kama majani na ndimi za moto. Baada ya katikati ya karne ya 14 ukashika mtindo wa Wima: mistari iliyonyooka kutoka chini hadi juu, madirisha makubwa mno, matao yaliyobapa. Hata hivyo kijiji cha mbali kingeweza kuchelewa kwa miaka hamsini, kwa hiyo mtindo hukupa kipindi tu, na usiuchukulie kuwa cheti cha kuzaliwa.

Kwa nini chumba cha madhabahu hakifanani na ukumbi wa waumini?

Kwa sababu mifuko ilikuwa miwili. Chumba cha madhabahu, upande wa mashariki, kilikuwa jukumu la yule aliyepokea zaka kuu za parokia, awe kasisi au monasteri ya mbali. Ukumbi wa waumini ulikuwa mzigo wa wanakijiji wenyewe. Ndiyo maana unaweza kukuta ukumbi mpana, mrefu na wenye madirisha ya kifahari, halafu mwisho wake chumba kidogo cha madhabahu cha karne mbili nyuma. Wanakijiji walikuwa wamejikamua, na mwenye zaka hakuona haja.

Kijiji kidogo kilipata wapi fedha za kujenga jengo kubwa hivi?

Jibu la haraka ni kondoo. Karne ya 15 sufi na nguo za sufi zilitajirisha maeneo ya Cotswold na Suffolk. Kule Lavenham, Suffolk, wafanyabiashara wa nguo wa ukoo wa Spring, pamoja na mkabaila mwenye cheo cha Earl wa Oxford, walisaidia kujenga kanisa lenye mnara wa mita 43 hivi. Ndani ya kanisa la Northleach, Gloucestershire, mabamba ya shaba sakafuni yanawaonyesha wafanyabiashara wa sufi wakiwa wamekanyaga kondoo na magunia ya sufi. Hawakuificha asili ya mali yao.

Lakini usiwasahau wasio na majina. Wosia za wakati huo zimejaa shilingi chache zilizoachwa kwa ajili ya mnara au paa, na sehemu kubwa ya mawe unayoyaona ililipiwa hivyo, kidogo kidogo, kwa miongo.

## Mawe na mafundi

Mawe yalitoka wapi?

Karibu kadiri ilivyowezekana. Kusafirisha jiwe kwa mkokoteni kilomita ishirini hivi kungeweza kugharimu sawa na bei ya jiwe lenyewe, kwa hiyo kanisa hubeba rangi ya ardhi lililosimama juu yake. Ukivuka Uingereza kutoka kusini-magharibi kwenda kaskazini-mashariki kuna ukanda mrefu wa mawe ya chokaa, na vijiji vilivyo juu yake vina makanisa ya rangi ya asali au krimu. Northamptonshire kuna mawe ya kahawia yenye chuma. Herefordshire na Devon ni mawe mekundu ya mchanga. Cornwall ni itale, jiwe gumu mno kuchonga, na bado mafundi wa Launceston mwanzoni mwa karne ya 16 walilifunika kanisa zima la Mtakatifu Maria Magdalena kwa nakshi.

Maji yalibadilisha hesabu hiyo. Jiwe la Barnack, karibu na Peterborough, lilisafiri kwa mito na mifereji hadi maeneo ya mabwawa ambayo hayana jiwe kabisa. Machimbo yake yalikuwa yamekwisha jiwe zuri kufikia kama mwaka 1500, na leo ni vilima na mabonde ya nyasi yenye maua ya porini. Jiwe jeupe la Caen lilivuka bahari kutoka Normandy, na mlango wa kanisa dogo la Barfreston, Kent, unaonyesha kwa nini lilistahili safari hiyo: ni laini linapochongwa, na linashika kila ukucha na kila unyoya wa viumbe waliochongwa.

Kwa nini makanisa ya Norfolk na Suffolk yana vijiwe vyeusi vinavyong'aa, na mengine yana minara ya duara?

Vijiwe hivyo ni gumegume, kwa sababu eneo hilo lina chaki na halina jiwe la kujengea. Gumegume huokotwa mashambani na ufukweni. Ni gumu kama kioo, lakini halikubali kuchongwa liwe tofali. Fundi hulipasua ili uso mweusi utazame nje. Karne ya 14 waligundua namna ya kuliweka ndani ya fremu za jiwe jeupe lililochongwa, wakaandika ukutani herufi, mataji na michoro ya madirisha bandia, nyeusi kwa nyeupe, bila kitu chochote kuchomoza. Simama mbele ya kanisa la Long Melford, Suffolk, jua likiwa pembeni uone.

Minara ya duara iko kama 180 nchini, na zaidi ya mia moja na ishirini ni ya Norfolk. Maelezo ya kawaida ni kwamba mnara wa mraba unahitaji mawe ya pembe, ambayo yalipaswa kununuliwa mbali, na mnara wa duara hauna pembe. Nadhani hiyo ni nusu ya ukweli, maana ukumbi uleule ulioungana na mnara wa duara una pembe zake. Mazoea ya mafundi na mapenzi ya wenyeji yalikuwa na nguvu pia.

Mafundi walikuwa nani?

Majina mengi yamepotea. Ndiyo maana mkataba wa Walberswick, kijiji cha pwani ya Suffolk, ni wa thamani sana. Mwaka 1426 wanakijiji waliwakodi waashi wawili, Richard Russel wa Dunwich na Adam Powle wa Blythburgh, wawajengee mnara. Mkataba unaagiza mnara ufuate ule wa Tunstall, na mlango wa magharibi uwe mzuri kama ule wa Halesworth. Yaani hakukuwa na ramani. Walinyoosha mkono wakasema: tunataka kama ule wa majirani.

Malipo yalikuwa shilingi 40 kwa kila yadi ya kimo, pamoja na shehena ya samaki wa heringi kila mwaka na joho moja. Kazi ingefanyika majira ya joto tu, kwa sababu utakayoikuta katika swali linalofuata. Mnara huo bado umesimama. Kanisa lenyewe lilikuwa kubwa mno kwa kijiji kilichofukarika, na mwishoni mwa karne ya 17 wanakijiji waliomba ruhusa wakalibomoa karibu lote, wakabaki na ukumbi wa pembeni wa kufanyia ibada.

Mawe yameshikanishwa kwa kitu gani? Ni saruji?

Hapana. Ni chokaa, na msomaji wa Lamu, Kilwa au Unguja analijua jambo hili kuliko Waingereza wengi wa leo. Pwani yetu ilichoma matumbawe kwenye tanuu. Uingereza ilichoma mawe ya chokaa au chaki. Kinachotoka huzimwa kwa maji, huchanganywa na mchanga, kisha hukauka polepole mno huku kikivuta hewa ukaa kutoka angani.

Upole huo ndio uliotawala kalenda ya ujenzi. Chokaa mbichi ikipigwa na barafu inapasuka na kumeguka. Basi ujenzi ulisimama vuli ilipoingia, na vichwa vya kuta vilifunikwa kwa nyasi kavu na samadi hadi majira ya kuchipua. Minara mingi ilipanda mita chache tu kwa mwaka. Ukiangalia kwa makini wakati mwingine unaona mstari mlalo ambapo rangi ya jiwe inabadilika kidogo: hapo msimu mmoja ulikoma na mwingine ukaanza.

Jua pia kwamba ukuta mnene wa Kinormani si jiwe tupu hadi ndani. Ni nyuso mbili za mawe, na katikati kifusi kilichomiminiwa chokaa. Hata nguzo nene nyingi ziko hivyo.

Vishimo vya mraba vilivyo katika safu ukutani ni vya nini?

Ni alama za jukwaa la mafundi. Miti ya kuwabeba iliingizwa moja kwa moja ukutani kadiri ukuta ulivyopanda, kisha ikachomolewa na tundu likazibwa kwa jiwe au kuachwa.

Na michoro midogo iliyokwaruzwa kwenye mawe?

Inategemea iko wapi. Alama rahisi ya mistari michache, inayojirudia kwenye mawe kadhaa, huenda ni sahihi ya mwashi aliyelipwa kwa idadi ya mawe. Nusu duara yenye tundu katikati na mistari kama miale, kwenye ukuta wa kusini, ni saa ya jua: kijiti kilichomekwa tunduni na kivuli kikaonyesha wakati wa misa. Ukiikuta kwenye ukuta wa kaskazini au ndani ya kanisa, ujue jiwe hilo lilihamishwa kutoka mahali pengine. Duara lenye ua la petali sita, lililochorwa kwa bikari, mara nyingi huelezwa kuwa kinga dhidi ya mabaya.

## Kuusoma ukuta

Mbona kuna matao yaliyozibwa ukutani?

Hapo ndipo pa kukaa muda mrefu. Parokia ilipokua, waashi walitoboa matao katika ukuta wa zamani na kuongeza ukumbi wa pembeni. Waliweza kufanya hivyo bila kubomoa paa, kwa kuchomeka nguzo kipande kwa kipande. Watu walipopungua, ukumbi wa pembeni ulibomolewa na matao yakazibwa, lakini nguzo zikabaki ndani ya ukuta kama mifupa.

Magofu ya kanisa la Wharram Percy, Yorkshire, yanasimulia safari yote hiyo. Wanaakiolojia walichimba kijiji hicho miaka mingi kuanzia 1950. Kanisa lilianza dogo, likaongezewa kumbi za pembeni, kisha likapunguzwa tena kijiji kilipokuwa kinakufa. Karibu mwaka 1500 wakaaji wa mwisho waliondolewa ili ardhi iwe malisho ya kondoo. Kondoo waleule walioijenga Lavenham.

Tazama pia uso wa mashariki wa mnara, juu ya paa. Mstari wenye umbo la V iliyopinduliwa ni alama ya paa la zamani lenye mwinuko mkali. Karne ya 15 mapaa mengi yalibadilishwa yakawa bapa na kuezekwa kwa mabamba ya madini ya risasi, ili kupata nafasi ya safu ya madirisha ya juu.

Kwa nini kanisa lina sura za kutisha na wanyama, na hata vichekesho?

Zile zenye mdomo unaotema maji ya mvua mbali na ukuta zina kazi. Nyingine hubeba ukingo wa paa, nyingine ni pambo tu. Kilpeck, Herefordshire, kanisa dogo la karibu mwaka 1140, lina zaidi ya 80 chini ya paa: mbwa na sungura wamekaa kama marafiki, mpiga fidla, na mwanamke anayejionyesha utupu wake bila haya. Jiwe lake jekundu limestahimili hali ya hewa kwa namna ya ajabu.

Maana yake? Kila mwongoza wageni ana yake. Nina uhakika wa jambo moja, kwamba watu wa wakati ule hawakutenga kicheko na ibada kama tunavyofanya sisi. Ile sura inayotapika majani iliitwa "Mtu wa Kijani" na mwandishi Lady Raglan mwaka 1939 tu. Jina hilo si la kale, na hakuna mwashi wa Zama za Kati aliyelitumia.

## Ndani

Kwa nini ndani ni peupe na patupu?

Hapakuwa hivyo. Kuta zilipigwa lipu na kuchorwa kwa rangi kila mahali, na juu ya tao la mashariki palikuwa na Siku ya Hukumu, waliookolewa upande mmoja na kinywa cha jehanamu upande wa pili. Chini ya Mfalme Edward VI, kuanzia 1547, picha zilipakwa chokaa na sanamu zikaondolewa. Karibu miaka mia baadaye, 1643 na 1644, William Dowsing, Mprotestanti mkali aliyepinga picha na sanamu, alizunguka Cambridgeshire na Suffolk akivunja vioo vya rangi na malaika, na kuandika hesabu ya alichovunja.

Kilichofichwa wakati mwingine hurudi. Mwaka 1892 huko Wenhaston, Suffolk, mbao kuukuu zilizopakwa chokaa zilitupwa nje ya kanisa wakati wa ukarabati. Mvua ikanyesha usiku, na asubuhi Siku ya Hukumu ya karibu mwaka 1500 ikawa inawatazama watu kutoka kwenye nyasi.

Ngazi ya mawe isiyokwenda popote, na kibakuli kidogo ukutani: ni vya nini?

Ngazi ilipanda kwenye roshani ya mbao iliyokuwa kati ya waumini na madhabahu, chini ya msalaba mkubwa. Roshani iliondolewa na ngazi ikabaki, kwa kuwa ni ya mawe. Kibakuli chenye tundu kilimwaga maji ya kuoshea vyombo vya misa ndani ya ardhi iliyobarikiwa. Ukikikuta mwishoni mwa ukumbi wa pembeni, hapo palikuwa na madhabahu nyingine.

Kwa nini beseni la ubatizo mara nyingi ni la kale kuliko jengo?

Watu hawakupenda kulitupa jiwe walilobatiziwa babu zao. Baadhi yalitoka mbali: East Meon, Hampshire, ina beseni jeusi la karne ya 12 lililochongwa Tournai, katika Ubelgiji ya leo, lenye hadithi ya Adamu na Hawa ubavuni. Mashimo ya komeo ukingoni yanatokana na agizo la mwaka 1236 la Askofu Mkuu Edmund wa Canterbury, kwamba mabeseni yafunikwe na kufungwa, watu wasiibe maji matakatifu kwa ajili ya uchawi.

## Hadithi na utunzaji

Nimeambiwa mlango wa kaskazini ni wa shetani, dirisha la chini ni la wakoma, na sanamu ya askari aliyepishanisha miguu ni ya mpiganaji wa Vita vya Msalaba. Kweli?

Hakuna hata moja yenye ushahidi mzuri. Mlango wa kaskazini ulitumika kwa maandamano, ukazibwa baadaye kuzuia baridi. Wakoma hawakuruhusiwa kuchangamana na watu hadi uani kwa kanisa, sembuse kuchungulia misa kila wiki. Na miguu iliyopishana ilikuwa mtindo wa wachongaji.

Kwa nini saruji inakatazwa kwenye kuta hizi?

Chokaa hupumua, saruji haipumui. Ukijaza viungo kwa saruji, unyevu hutafuta njia kupitia jiwe lenyewe, na barafu hulimenya. Baada ya miaka kadhaa unaona saruji imechomoza na jiwe limeliwa likabaki kishimo. Nimeugusa ukuta wa namna hiyo, na jiwe la miaka mia saba likaniachia unga kiganjani. Inauma.

Mafundi wa enzi ya Malkia Victoria, karne ya 19, nao walidhuru kwa nia njema, wakikwangua lipu ya ndani na kuchonga upya sura za kale. Msanii na mwandishi William Morris aliwapinga, na mwaka 1877 akaanzisha chama cha kulinda majengo ya kale ambacho bado kipo. Leo hatari kubwa zaidi ni wezi wa risasi ya paani na parokia zenye watu wachache wa kulipia matengenezo.

## Maswali ya wadadisi

Je, mawe ya Kirumi yalitumika tena?

Ndiyo, hasa na Wasaksoni. Escomb, County Durham, kanisa dogo la karne ya 7, limejengwa kwa mawe ya ngome ya Kirumi ya Binchester, na jiwe moja lina jina la Jeshi la Sita, limewekwa kichwa chini.

Kuna uhusiano wowote na makanisa ya kwetu?

Upo, kupitia karne ya 19. Waingereza wa wakati huo walikuwa wanairudia Gothiki, yaani mtindo wa matao yaliyochongoka, kila mahali. Kanisa kuu la Anglikana la Mkunazini, Unguja, lililoanzishwa 1873 na kujengwa chini ya Askofu Edward Steere, lina madirisha yaliyochongoka, lakini kuta zake ni za matumbawe na chokaa ya pwani.

Naruhusiwa kuandika jina langu ukutani kama walivyofanya wa zamani?

Hapana, ni kosa la jinai. Soma ya kwao tu. Nenda Ashwell, Hertfordshire, ambako ndani ni chaki laini inayokwaruzika kwa msumari. Kuna mkono uliochora kanisa la kale la Mtakatifu Paulo la London, lile lililoungua 1666. Mwingine unalalamika kwa Kilatini kuhusu pembe zisizounganishwa sawasawa, na kuzitemea mate: mwashi akimhukumu mwashi. Na ndani ya mnara, kwa Kilatini pia, yupo aliyeandika kuhusu tauni. Anasema mwaka 1350 ulikuwa wa huzuni na ukali, na mashahidi waliobaki ni makapi ya watu. Kisha anaongeza kwamba mwaka 1361, siku ya Mtakatifu Maurus, upepo mkali ulinguruma duniani kote.